Utafiti wa afya Ifakara: nani analipa, nani anachagua?

Mfanyabiashara wa mchele anayepakia magunia Ifakara kwenda Dar es Salaam anazijua gharama zake kwa kichwa. Kuna kukoboa, kuna kupakia na kupakua, kuna nauli ya lori au ya behewa la TAZARA, kuna ushuru wa mazao, na kinachobaki ndicho chake. Gharama moja haiandiki popote. Ni zile siku ambazo mkulima aliyemkopesha mbegu yuko kitandani, vibarua wawili hawakufika, na dereva ameomba ruhusa kwa sababu mtoto wake amelazwa. Katika bonde la Kilombero sehemu kubwa ya siku hizo huletwa na malaria, na aliyewahi kulima mpunga huko atakwambia kwamba homa hupanda wakati ule ule shamba linapohitaji mikono mingi.

Ukurasa huu si wa madaktari. Kazi yake ni bei, mizigo na mtaji. Hata hivyo safari hii tunaomba msomaji avumilie, maana suala la nani anagharamia utafiti wa huduma za afya hapa nchini ni suala la fedha kabla ya kuwa suala la dawa, na wenye maduka na mashamba wana hisa ndani yake hata kama hawajawahi kupewa cheti cha hisa hizo.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likawa limekwisha kufungwa. Mwezi Februari ulisimamishwa pia mpango uliokuwa ukigharamia uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi katika nchi nyingi, yetu ikiwamo, ule unaotupatia takwimu za vifo vya watoto, uzazi na matumizi ya vyandarua. Kwa kalamu ya mtu mmoja aliye Washington, nchi kadhaa za Afrika zilijikuta haziwezi hata kuhesabu watoto wao kwa utaratibu waliouzoea. Hatumlaumu Mmarekani, fedha ni yake. Tunajiuliza ilikuwaje tukaweka daftari letu la hesabu kwenye kabati la jirani.

Maoni yetu ni kwamba Serikali inapaswa kutenga fungu lake yenyewe, la kila mwaka na linalotolewa kweli, kwa ajili ya utafiti wa namna huduma za afya zinavyowafikia watu. Na kwamba Ifakara ndipo mahali pa kuanzia, kwa kuwa huko ushahidi upo wa kile utafiti wa namna hiyo unachoweza kufanya na wa hasara ya kumwachia mgeni kazi ya kuchagua maswali.

Wapo wasomaji wasiojua kwamba mji ule wa mchele una jina kubwa duniani katika mambo ya malaria. Mwaka 1949 alifika huko Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, mtaalamu wa wadudu na mtu wa ukoo ule ule wa kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy, ambayo ndani yake mkemia Paul Müller aligundua mwaka 1939 uwezo wa DDT wa kuua wadudu. (Mwenye roho ya biashara atatabasamu hapo: kiwanda kinauza dawa ya mbu, mwana wa ukoo anakwenda kumchunguza mbu.) Mwaka 1957 taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto ilifungua maabara ndogo Ifakara, karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya wamisionari. Miaka michache baadaye makampuni ya dawa na kemikali ya Basel yaligharamia kituo cha mafunzo ya waganga hapo hapo. Maabara ilikua, ikawa kituo cha utafiti chini ya uongozi wa Watanzania katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Si idara ya Serikali. Imesajiliwa kama taasisi isiyogawana faida, nayo huishi hasa kwa miradi: Waswisi, Waingereza, Wamarekani, mfuko wa Bill Gates na wengine wa aina hiyo.

Utafiti uliotugusa zaidi sisi wenye maduka haukuwa wa chanjo, ingawa chanjo ndizo hupata picha magazetini. Ulikuwa wa chandarua. Kati ya mwaka 1996 na 2000 katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliendeshwa mradi ulioitwa KINET, kwa fedha za Uswisi na mchango wa Serikali. Madaktari walikwisha kujua kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa mtoto. Hilo lilithibitishwa kwingine. Walichokuwa hawajui ni swali la kibiashara kabisa: je, mwananchi wa kijiji cha mpunga atakinunua, kwa bei gani, na nani atamfikishia? Wakachukua vyandarua na dawa, wakaviwekea chapa ya "Zuia Mbu", wakaviingiza kwenye maduka na kwa mawakala vijijini, na kila mmoja katika mnyororo akaachiwa faida yake. Hakuna aliyeambiwa afanye kazi ya Mungu bure. Mwenye duka aliuza kwa sababu kulikuwa na shilingi ndani yake.

Sambamba na biashara hiyo, watafiti walifungua rejista ya kaya mwezi Septemba 1996 katika vijiji 25. Wasaili walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kwa sababu ya daftari hilo, ilipofika wakati wa kufunga hesabu hawakubahatisha. Katika vijiji vilivyochunguzwa, matumizi ya vyandarua vyenye dawa kwa watoto wadogo yalipanda kutoka kama asilimia 10 hadi asilimia 61, na mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha kwamba uhai wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliolala ndani ya vyandarua hivyo. Hayo yalifanywa kwa kupitia maduka, si kwa kugawa bure kutoka kwenye malori.

Ndani ya mradi huo huo kulizaliwa kitu kingine ambacho kila mama wa umri fulani anakikumbuka, nacho ni hati punguzo. Mjamzito au mama mwenye mtoto mdogo alipewa kliniki karatasi ya punguzo la Sh. 500, kama sehemu moja ya sita ya bei ya chandarua wakati ule, akaenda nayo dukani. Karibu hati zote zilizofuatiliwa zilionekana zimetumika kihalali, jambo lililowashangaza waliodhani kwamba sisi wenye maduka tungezifanyia ujanja. Lakini utafiti ulisema pia ukweli usiopendeza: kina mama maskini zaidi walizitumia kidogo kuliko wenye uwezo, kwa kuwa hata baada ya punguzo bei iliyobaki ilikuwa juu yao.

Serikali ilisoma hesabu hizo. Kodi ya vyandarua ikaondolewa. Mwaka 2004 hati punguzo ikawa mpango wa taifa zima, kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, hati moja ikiwa na thamani ya Sh. 2,750. Viwanda vya nguo vya hapa vikapata soko, na kile cha A to Z cha Arusha, ambacho mwaka 2003 kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa leseni ya Sumitomo Chemical ya Japani, kikawa miongoni mwa vikubwa barani. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ajira kiwandani, nauli za malori, faida ya wakala wa wilaya, faida ya duka la kijijini, na watoto walio hai. Yote yalitoka kwenye swali moja lililoulizwa vizuri katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Kuna wakala wengi wa hisa ambao wangefurahi kuonyesha gawio la namna hiyo.

Kisha upepo ukageuka. Wahisani wakubwa duniani waliamua kwamba vyandarua vigawiwe bure ili kila mtu apate, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 kampeni za kugawa zilipita nchi nzima, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, halafu kwa kila mahali pa kulala. Mwaka 2014 hati punguzo ikafungwa. Hatusemi kugawa bure kulikuwa kosa. Maskini walifikiwa kwa wingi ambao duka peke yake lisingeweza, na mwenye kubisha hilo aonyeshe takwimu zake. Tunachosema ni kwamba mtandao wa wauzaji waliojengwa kwa miaka mingi ulikufa kifo cha kimya. Aliyekuwa na marobota ya vyandarua stoo alibaki nayo. Swali la nini kitatokea chandarua cha bure kitakapochanika kabla ya kampeni nyingine, na kama inawezekana bure na dukani vikaishi pamoja, halikuwa swali la kwanza mezani kwa anayelipa. Kwa mwenye duka wa Mlimba au Mang'ula lilikuwa ndilo la kwanza. Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya utafiti unaolipiwa na mwenye nyumba na ule unaolipiwa na mpita njia, hata mpita njia akiwa mwema kiasi gani.

Mfano wa pili uko nje kidogo ya bonde, lakini kwa mkoa ni jirani. Mwaka 1997 Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Walitaka kujua jambo ambalo kila mwenye duka hulifanya mwisho wa mwezi: je, fedha zinakwenda kwenye bidhaa inayotoka? Walilinganisha magonjwa yanayoua watu wilayani na mgawo wa bajeti ya afya ya wilaya, wakakuta vitu hivyo viwili havifahamiani. Malaria na magonjwa ya watoto yalikuwa yakiua wengi na kupata kidogo. Wilaya zikapewa vitendea kazi rahisi vya kupangia, na nyongeza ya fedha ambayo kwa hesabu za wakati ule ilifikia kama senti 80 za dola ya Marekani kwa mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Senti 80! Haikuwa dawa mpya wala mashine mpya. Ilikuwa ni kujua wapi pa kuweka shilingi iliyopo.

Utafiti wa namna hii hauvutii wapiga picha. Hakuna sindano, hakuna Mzungu mwenye darubini. Ni watu wenye baiskeli, madaftari na subira. Ndiyo maana huwa wa kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na ndiyo maana tunautetea hapa badala ya kuutetea ule wa chanjo, ambao una watetezi wengi na makampuni makubwa nyuma yake. Kwa haki ya historia, Kilombero imechangia chanjo pia. Idete ndiko ilikojaribiwa chanjo ya SPf66 ya Dk. Manuel Patarroyo wa Kolombia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31 na dunia ikashangilia, majaribio ya Gambia na Thailand yakaizima. Baadaye taasisi hiyo hiyo, kupitia kituo chake cha Bagamoyo, ilishiriki katika majaribio ya chanjo za RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023.

Sasa tuje kwenye ahadi, maana ahadi ndiyo mali tuliyo nayo kwa wingi. Mwaka 1990 tume ya kimataifa ya utafiti wa afya ilishauri nchi zinazoendelea zitumie walau asilimia 2 ya fedha zao za afya kwa utafiti. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ukasema asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti na maendeleo. Mwaka 2008, Algiers na Bamako, mawaziri wakairudia ile asilimia 2. Hapa kwetu Rais Jakaya Kikwete aliichukua ahadi ya asilimia 1, na bajeti ya mwaka 2010/11 ikatenga fungu kubwa kuliko kawaida kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo wakati huo iliongozwa na Dk. Hassan Mshinda, aliyetokea kuongoza kituo cha Ifakara. Ilionekana kama kumekucha. Lakini takwimu zilizokusanywa na UNESCO kwa mwaka 2013 zilituweka kwenye nusu tu ya ile asilimia 1, tena hapo ukijumlisha kilimo, viwanda, vyuo na kila kitu, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ikiwa imetoka nje.

Mwenye kununua hati fungani za Serikali anafahamu kitu ambacho mtafiti wetu hajawahi kukiona: Hazina inalipa riba tarehe iliyoandikwa. Haisemi kwamba mwaka huu makusanyo hayakuwa mazuri. Fungu la utafiti, kinyume chake, ni la kwanza kusubiri na la mwisho kutoka, na mtafiti hana soko la kwenda kuliuza deni lake. Ukitaka kujua kipaumbele cha kweli cha Serikali yoyote usisome hotuba, tazama kipi hulipwa mwezi Julai na kipi hulipwa mwezi Mei kama kikilipwa.

Tunawasikia wanaouliza kwa nini Serikali ilipe kitu ambacho wafadhili wako tayari kukilipa. Hoja hiyo ina uzito na wala si ya kijinga. Shilingi iliyookolewa kwenye utafiti inaweza kununua kokoto ya barabara, na mtu wa Malinyi anayebeba mpunga kwenye tope atakwambia anataka barabara kwanza. Pia ni haki kusema kwamba Serikali si mtazamaji tu: inalipa mishahara ya wahudumu wanaofanya kazi na watafiti, inatoa zahanati na vituo, ina taasisi yake ya NIMR iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Lakini jibu letu ni kwamba mfadhili hulipia swali lake. Huenda likalingana na letu, na mara nyingi limelingana, namshukuru Mungu. Siku likitofautiana hatuna la kusema. Na siku akiondoka, kama ilivyotokea mwaka 2025, anaondoka na msaili, pikipiki na mwendelezo wa daftari. Rejista ya vizazi na vifo ikikatika miaka miwili haiwezi kujazwa baadaye kwa kukumbuka, kama ambavyo huwezi kuandika leo mauzo ya mwaka juzi ambayo hukuyaandika. Waswahili walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, lakini mgeni naye ana siku zake za kufunga mizigo.

Kama fungu lingekuwa letu, bonde la Kilombero lingeuliza nini?

La kwanza lingemhusu mbu mwenyewe pamoja na duka la pembejeo. Watafiti wa Ifakara wameonyesha katika miaka ya karibuni kwamba mbu aina ya Anopheles funestus, ingawa si wengi kama wengine, ndio wanaoambukiza zaidi ya asilimia 80 ya malaria katika vijiji walivyovichunguza Kilombero na Ulanga, na kwamba mbu hao wamekuwa sugu kwa dawa iliyomo kwenye vyandarua vya kawaida. Dawa za kundi hilo hilo zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo na kupigwa kwenye mpunga na mboga. Kiasi gani cha usugu kinatokana na kinyunyizio cha mkulima? Je, kuna namna ya kupanga uuzaji wa viuatilifu ambayo haitamfilisi mwenye duka wala kumnyima mkulima dawa? Swali hilo linahitaji wizara mbili, ya afya na ya kilimo, na linahitaji muuza pembejeo akae mezani. Mfadhili wa vyandarua hana sababu ya kuliweka mbele. Sisi tunayo, maana utafiti uliofanywa Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba vyandarua vipya vyenye dawa mbili, mojawapo klorfenapiri, vilipunguza maambukizi kwa watoto kwa kama asilimia 44 katika mwaka wa pili kulinganisha na vile vya zamani. Habari njema, ila kitu kipya ni ghali zaidi, na mbu akikizoea hicho nacho tutarudi mnadani kununua kingine kwa bei ya juu zaidi.

Swali jingine ni la duka la dawa. Mtu wa kijijini akipata homa, mara nyingi hatua ya kwanza ni dukani, si zahanati. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003 na baadaye ukaingia Morogoro, na watafiti wa Ifakara waliufuatilia katika Kilombero na Ulanga walipokuwa wakichunguza kwa nini dawa ya malaria haimfikii mgonjwa kwa wakati. Wenye maduka hayo wamewekeza mtaji, wamelipia mafunzo, wamefuata masharti ya mashubaka na leseni. Leo wana haki ya kuuliza nafasi yao katika bima ya afya kwa wote, ambayo Bunge lilipitisha sheria yake mwaka 2023. Duka la Mngeta likimhudumia mwenye kadi, litalipwa na nani, kwa bei ipi, baada ya siku ngapi? Mtaji wa duka la kijijini hauwezi kusubiri miezi mitatu. Hilo linaweza kujaribiwa katika wilaya moja kwa mwaka mmoja, kama hati punguzo ilivyojaribiwa, kabla ya kuliingiza taifa zima gizani. Kulijaribu kutagharimu kidogo sana ukilinganisha na kulikosea.

Na lipo la watu wa shamba. Kila msimu maelfu ya kaya huhama kutoka kijijini kwenda kuishi kwenye vibanda mabondeni, mbali na zahanati, tangu kupanda hadi kuvuna. Bima itakuwa na maana gani kwa mtu aliye siku nzima kwa mguu kutoka kituo kilicho karibu? Tunaipitia haraka hoja hii kwa kuwa kila mnunuzi wa mpunga anaijua kuliko sisi.

Fedha itoke wapi? Bajeti ya mwaka 2025/26 ilileta tozo mpya zilizoelekezwa kwenye Mfuko wa UKIMWI na kwenye bima ya afya, kwa nia ya kuziba pengo la wahisani. Wafanyabiashara walinung'unika, na sisi tulikuwa miongoni mwao, lakini kama tozo zimekwisha kuwekwa basi lililo haki ni kudai kwamba asilimia 2 ya makusanyo hayo iwekwe kando kwa kupima kama huduma zinazolipiwa zinafika. Hakuna mwekezaji anayetia fedha kwenye kiwanda asiajiri mkaguzi. Uko pia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia ulio chini ya COSTECH. Haihitajiki sheria mpya wala jengo jipya, inahitajika Hazina iutilie fedha kwa tarehe inayojulikana. Na halmashauri za bonde zinazokusanya ushuru wa mpunga zinaweza kuchangia hata mshahara wa wasaili wachache, kwa sharti kwamba takwimu za vijiji vyao zirudi kwao.

Sharti hilo la mwisho linawahusu watafiti wenyewe, na hapa tutawaambia bila kuwapaka mafuta. Kazi yao nyingi inachapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ya London na Marekani, kwa lugha ambayo hata mhasibu wa halmashauri haiwezi. Ripoti za kurasa mia zinakabidhiwa wizarani kwa chai na picha. Bei ya mchele wa Ifakara inamfikia mchuuzi wa Tandale kwa simu kabla lori halijavuka Mikumi, lakini habari kwamba mbu wa Lupiro amezoea dawa inaweza kuzunguka Geneva na Seattle isimfikie muuza vyandarua wa soko la Ifakara. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kila robo mwaka, ubandikwe sokoni, kwenye ofisi za kata na mashine za kukoboa: homa zimepanda wapi, dawa gani haipo vituoni, chandarua gani bado kinafanya kazi. Wakifanya hivyo watapata watetezi wa bajeti yao ambao hawajawahi kuwa nao, maana mfanyabiashara hutetea kitu anachokiona kinamsaidia kupanga.

Bunge la bajeti huanza vikao vyake mwezi Aprili, na mipango ya halmashauri huwa imekwisha kupikwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Vyama vya wafanyabiashara vya Morogoro, TCCIA ikiwamo, huwa vinapeleka mapendekezo yao ya kodi kila mwaka. Safari ijayo waongeze mstari mmoja wa kumuuliza Waziri wa Fedha ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa utafiti wa huduma za afya mwaka unaokwisha, na ni ngapi kati ya hizo zilizotoka Hazina.